Namna ya Kuchambua Wimbo wa Zilipendwa: Mwongozo kwa Mwenye Sikio na Daftari

Ukiishi Magomeni, Dar es Salaam, huna haja ya kuzitafuta zilipendwa. Zinatoka kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwenye bajaji iliyoegeshwa Mapipa ikisubiri abiria. Kila mtu ana lake la kusema juu ya maneno ya nyimbo hizo: nani aliachwa, nani alikuwa anapigwa kijembe. Lakini uliza wimbo umejengwaje, gitaa la pili lilikuwa linafanya kazi gani, au kwa nini watu walinyanyuka wote kwa pamoja dakika ya nne, utaona wengi wananyamaza.

Hata vitabuni hali ni hiyo hiyo. Kazi mbili kubwa zinazosomwa sana kuhusu muziki wa Tanzania, ya Kelly Askew ya mwaka 2002 na ya Alex Perullo ya mwaka 2011, zimechimba zaidi siasa, biashara na maisha ya wanamuziki. Ni kazi za kuheshimiwa. Ila muziki wenyewe, noti kwa noti na pigo kwa pigo, bado ni shamba ambalo sehemu kubwa haijalimwa. Ulaya nyimbo za watunzi wao wakongwe zimechambuliwa mstari kwa mstari kwa zaidi ya karne moja. Nyimbo za bendi za NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Mlimani Park zina ufundi unaostahili kusomwa kwa umakini ule ule.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: mwanakwaya, mwalimu, mwanafunzi wa chuo, mpiga gitaa wa baa, au msikilizaji mwenye subira. Huhitaji piano wala shahada. Ukiufuata utatoka na uchambuzi wa wimbo mmoja ambao mtu mwingine anaweza kuukagua na kuuendeleza.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI
- Simu au kompyuta, na spika za masikioni zinazotoa besi vizuri.
- Programu ya kupunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti. Audacity ni ya bure na inatosha.
- Programu ya simu ya kupimia sauti ya gitaa, ile wapiga magitaa wanayotumia kukaza nyuzi.
- Daftari la mistari ya miraba, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache nyumbani.
- Gitaa au kinanda kidogo kikipatikana. Kisipopatikana, koo lako.

Kwa nini solfa

Uchambuzi unahitaji namna ya kuandika unachosikia. Vyuoni hutumika mistari mitano ya Kizungu, na ukiijua itumie. Lakini kwa msomaji wa Magomeni napendekeza solfa, kwa sababu maelfu ya watu katika mji huu tayari wanaisoma. Ingia mazoezi ya kwaya yoyote ya kanisani jioni utakuta karatasi za d, r, m, f, s, l, t mikononi mwa fundi ujenzi na muuza mitumba wa Kariakoo. Enoch Sontonga aliitumia alipotunga mwaka 1897 wimbo uliokuja kuzaa Mungu Ibariki Afrika. Ni chombo kilichokwisha kuwa chetu.

Solfa ina faida nyingine kubwa: inataja noti kwa kazi yake ndani ya wimbo. Ukiandika "s" unasema hii ni ya tano kutoka nyumbani, yaani kutoka "d", bila kujali bendi ilipiga ufunguo gani. Kwa rekodi zetu za zamani faida hiyo ni dhahabu. Sababu utaiona hatua ya pili.

HATUA YA 1: Chagua wimbo mmoja na swali moja

Kosa la kwanza la watafiti wapya ni kutaka kuchambua "muziki wa dansi". Huwezi. Chagua wimbo mmoja unaoupenda kiasi cha kuusikiliza mara mia bila kuuchoka, kwa mfano Zuwena wa Marijani Rajabu na Dar International, au Neema wa Mlimani Park. Kisha uulize wimbo huo jambo moja. Haya ni maswali mazuri ya kuanzia:

- Bendi inatokaje kwenye sehemu ya polepole kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka?
- Magitaa ya solo na solo la pili yanagawanaje kazi?
- Mkazo wa maneno na mapigo ya muziki vinakubaliana wapi, na vinapishana wapi?
- Ala za kupulizwa zinajibu nini: waimbaji, au magitaa?

Liandike swali ukurasa wa kwanza wa daftari. Utakapopotea, na utapotea, litakurudisha.

HATUA YA 2: Ijue rekodi yako

Hapa nitakaa kidogo, maana uchambuzi mwingi huharibikia hapa kabla haujaanza.

Enzi za bendi kubwa, nyimbo nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye utepe wa sumaku. Nyingine zilifyatuliwa Nairobi kuwa santuri. Kutoka hapo zikanakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, hatimaye mtu akaziingiza kwenye kompyuta. Katika kila hatua mashine inaweza kuwa ilizunguka haraka kidogo au taratibu kidogo. Na utepe ukizunguka haraka, mambo mawili hubadilika kwa pamoja: wimbo unakwenda mbio na sauti inapanda. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6, wimbo wote umepanda nusu sauti, na wimbo wa dakika sita umepungua sekunde kama ishirini.

Kwa hiyo usiandike kwamba "wimbo uko ufunguo fulani na kasi yake ni mapigo 118 kwa dakika" kwa kuamini nakala moja. Fanya hivi:

1. Tafuta nakala mbili au tatu kutoka vyanzo tofauti.
2. Pima urefu wa kila moja kwa sekunde, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Usihesabu maneno ya mtangazaji.
3. Pima noti ya nyumbani, yaani "d", kwa programu ya kukazia nyuzi. Ikiwa inaangukia katikati ya noti mbili, utepe una walakini, au bendi ilikaza nyuzi kwa sikio.
4. Nakala zikitofautiana, zote ziandike. Usichague inayokufurahisha.

Santuri ndogo ina mtego wake. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa ukawa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Mara nyingi upande wa pili ndiko chemko lilikolala. Ukipata faili ambalo wimbo unafifia ghafla katikati, au unaanza bila utangulizi, jiulize kwanza kama umeshika upande mmoja tu, kabla hujaandika kwamba mtunzi alipenda kumalizia wimbo njiani.

ONYO: Wimbo ule ule unaweza kuwa umerekodiwa tena baada ya miaka. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Wanamuziki nao walihama sana. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na mwaka 1985 baadhi ya nguzo zake, akiwamo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, walihamia International Orchestra Safari Sound. Ukiandika jina la bendi, andika na jina lililotumika wakati wa rekodi hiyo.

HATUA YA 3: Chora ramani ya dakika

Sikiliza wimbo mara tatu bila kuandika kitu. Mara ya nne, chora jedwali lenye safu tatu: muda, nini kinatokea, nani anaongoza. Andika kila kitu kinapobadilika: waimbaji wanapoingia, kiitikio, tarumbeta, mapumziko, chemko. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni ya polepole, hadithi inasimuliwa na watu wanacheza wawili wawili. Ya pili ni chemko: mashairi yanapungua, kiitikio kinarudiwa, magitaa yanashika usukani, na kila mmoja anacheza alivyojaaliwa.

Ukimaliza, fanya hesabu moja rahisi: gawanya sekunde za chemko kwa sekunde za wimbo mzima. Hiyo peke yake ni habari. Nyimbo tano za bendi moja ukizilinganisha na tano za mahasimu wao, tayari una la kuzungumza na mashabiki wa Msondo na wa Sikinde, yaani Mlimani Park, kwa ushahidi badala ya kelele.

HATUA YA 4: Mdundo

Hesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha zidisha mara nne. Fanya hivyo sehemu tatu: mwanzoni, katikati ya mashairi, na ndani ya chemko. Wanamuziki hawa hawakupiga wakifuata mashine, na kasi kupanda taratibu si kosa. Mara nyingine ndiyo siri ya wimbo.

Kisha gawanya kila mzunguko wa mapigo manne katika nusu-pigo nane na ujaze miraba ya daftari. Huu ni mfano wa kufundishia tu niliouunda mwenyewe, haukutoka kwenye wimbo wowote:

Nusu-pigo: 1 2 3 4 5 6 7 8
Solo la pili: x – x x – x x –
Ridhimu: – x – – x – – x
Besi: x – – x – – x –

Tazama kwa makini. Solo la pili na gitaa la ridhimu hawagongani hata mara moja, na ukiwaunganisha nusu-pigo zote nane zimejaa. Msikilizaji wa ukumbini anadhani ni gitaa moja lenye vidole vingi. Kumbe ni watu wawili, kila mmoja akiacha nafasi anayoijaza mwenzake. Besi chini yao inapiga tatu, tatu, mbili, na ndiyo inayowafanya wachezaji wayumbe badala ya kutembea kama gwaride. Ukiandika gitaa moja moja hutauona ujenzi huu. Lazima uyaweke magitaa moja chini ya jingine kwenye miraba hiyo hiyo.

Mipangilio kama hii utasikia watu wakiiita "ya Kikuba" au "ya Kikongo". Ni kweli santuri za Kuba zilizouzwa na kampuni ya HMV katika mfululizo wa GV kuanzia miaka ya 1930 zilisikilizwa sana Afrika Mashariki, na Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Ni kweli pia wanamuziki wa Kongo walijaa Dar es Salaam. Lakini usimalizie hapo. Muziki wa Kuba wenyewe ulibebwa kwa sehemu kubwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani, na bendi za hapa zilikuwa zikichota kwenye ngoma za nyumbani kwa kusudi: mtindo wa Sikinde wa Mlimani Park ulitoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo ukiwa unasikiliza tumba na dramu, mtafute mzee anayezijua ngoma za Wazaramo umpigie kipande hicho. Anachokitambua yeye hakimo kwenye kitabu chochote cha muziki wa Ulaya.

HATUA YA 5: Besi na kodi

Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Usianze kuzitafuta kwenye solo, anza na besi. Kwenye programu punguza sauti za juu, ongeza za chini, kisha uimbe pamoja na besi hadi koo lako liishike. Noti ya besi inayoangukia pigo la kwanza mara nyingi hukwambia kodi iliyopo: "d" ni nyumbani, "f" ni ya nne, "s" ni ya tano. Utashangaa ni nyimbo ngapi zinakwenda na hizo tatu tu. Usiseme kwa hilo kwamba nyimbo ni nyepesi. Ufundi wake uko kwenye kufumana kwa magitaa, na mizunguko mifupi ya kodi ndiyo inayowapa wapigaji nafasi ya kufumana.

HATUA YA 6: Tuni na maneno, pamoja

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anampita mtafiti yeyote wa kutoka nje, kwa hiyo usiharakishe.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki nao una mapigo mazito na mepesi. Mtunzi mzuri anajua kuvipatanisha viwili hivi, na anajua lini avigombanishe ili msikilizaji ashtuke. Chukua mstari huu wa mazoezi, nimeutunga kwa ajili ya mwongozo huu:

Nimefika Magomeni, na jua linapozama

Una mizani nane kila upande, kumi na sita jumla, kama mishororo ya mashairi yetu ya zamani. Mikazo mikuu ya nusu ya kwanza ni FI na ME: ni-me-FI-ka, ma-go-ME-ni. Nikiutilia tuni kwa solfa katika mapigo manne, unakuwa hivi (ule mstari mfupi wa katikati ya mapigo manne nimeuondoa ili usomeke kirahisi):

: s.s | d' : l : – : m.f | s : m : – : – |
ni-me | FI : ka : – : ma-go | ME : ni : – : – |

FI na ME zote zimeangukia pigo la kwanza, zito kuliko yote, na FI imepewa noti ya juu kabisa. Mstari unaimbika kama unavyosemwa. Sasa jaribu kuuimba ukianzia "ni" kwenye pigo la kwanza, usikie unavyochechemea. Hilo ndilo jaribio la kufanya kwa kila mstari wa wimbo wako:

1. Andika maneno yote kwa kusikiliza mwenyewe. Ya mtandaoni yana makosa mengi, na mengine yamerekebishwa na watu waliodhani wanajua.
2. Pigia mstari silabi yenye mkazo katika kila neno.
3. Andika juu yake pigo linaloangukia: 1, 2, 3, 4, au katikati.
4. Hesabu ngapi zimekaa kwenye pigo, ngapi zimepishana.
5. Rudi kwenye zilizopishana. Ni majina ya watu? Ni mwisho wa ubeti? Ni neno lenye uchungu? Mtunzi aliyepatanisha mikazo thelathini akauacha mmoja upishane pale mke anapotajwa, hakufanya hivyo kwa bahati mbaya.

Waimbaji wanapoingia wawili au watatu, andika sauti ya juu kwanza, kisha ya chini. Usitarajie zifuate kanuni za kwaya za kitabuni. Sauti zikitembea sambamba mwendo mrefu, andika kwamba zinatembea sambamba. Usiite kosa.

KISANDUKU: UKICHAGUA TAARABU
Dar es Salaam ina historia ndefu ya taarabu kupitia vikundi vya Egyptian na Al-Watan, na hapa Magomeni hoteli ya Travertine imekuwa maarufu kwa maonyesho ya taarabu ya kisasa. Ukichukua taarabu ya asili, jihadhari: baadhi ya maqamu za Kiarabu, kama rasti na bayati, zina noti zinazokaa katikati ya noti za solfa. Kuna "m" ambayo si "m" kamili na wala si ile iliyoshushwa nusu. Weka mshale mdogo wa kushuka juu ya herufi, kisha eleza mwanzoni mwa uchambuzi maana yake. Ukikwama, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kule Unguja, kilichoanzishwa mwaka 2002, kina walimu wa udi na kanuni wanaozijua noti hizo kwa vidole.

HATUA YA 7: Nenda kwa waliokuwepo

Rekodi haisemi kila kitu. Haisemi kwamba ukumbini chemko liliweza kuendelea mara mbili ya urefu wa redioni, wala haikuonyeshi ishara ya bega aliyoitoa mpiga solo kabla ya kubadilisha. Wanaojua ni wapigaji wenyewe, na ni wachezaji waliozijaza kumbi za DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Magomeni Kondoa. Wazee hawa wanapungua. Marijani Rajabu tulimzika 1995, Remmy Ongala 2010, Gurumo 2014. Wapiga besi na tumba ambao majina yao hayakuandikwa popote nao wanaondoka, tena kimya kimya.

Waulizie kwenye mabaraza ya jirani zako. Baadhi ya wakazi wa zamani wa Magomeni Kota waliorudi kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa mwaka 2022 walikua wakisikiliza bendi hizi dirishani. Usiwasahau akina mama. Wengi walikuwa wachezaji hodari, na mchezaji anakumbuka kasi ya wimbo kwa miguu yake.

Utaratibu wa kumwendea mzee:

1. Tuma salamu kwanza kupitia mtu anayemfahamu. Usitokee tu na simu inarekodi.
2. Nenda baada ya alasiri kabla ya magharibi, siku isiyo Ijumaa. Shikamoo, mjulishe wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, kaa. Muziki utafuata.
3. Omba ruhusa ya kurekodi mazungumzo, kisha irudie ruhusa hiyo ndani ya rekodi ili isikike.
4. Mpigie wimbo kwa spika ndogo yenye besi, usimlazimishe kusikiliza kwenye simu. Acha umalizike. Usimkatize anapoimba pamoja nao.
5. Uliza vitu vinavyoshikika: "Mzee, hapa kabla ya chemko, nani alitoa ishara?" "Solo la pili ulimfuata nani?" "Redioni mlipiga mara ngapi hadi wakakubali?" Swali la "muziki wa zamani ulikuwaje?" litakupa hotuba, na hotuba hiyo ameshaitoa kwa wengi.
6. Mwombe aimbe sehemu yake peke yake. Sekunde kumi za mpiga besi akiimba besi yake zina thamani kuliko kurasa tano za kubahatisha.
7. Rudi mara ya pili na ulichoandika umsomee. Akisahihisha, andika sahihisho na jina lake, kama amekuruhusu kulitaja.

Kumbukumbu yake ikipingana na rekodi, usimbishie. Andika vyote viwili. Inawezekana anakumbuka walivyopiga ukumbini, nawe umeshika walivyopiga studio.

HATUA YA 8: Kagua kwenye karatasi

Tarehe zihakikishe kwa magazeti ya wakati ule. Uhuru, Mzalendo na Ngurumo yalichapa habari na matangazo ya bendi, na nakala za magazeti ya zamani huulizwa Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Rekodi za Radio Tanzania zimerithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Andika barua rasmi, eleza wimbo mmoja unaoutaka na sababu, uwe mvumilivu. Kama wewe ni mwanafunzi, barua ya chuo husaidia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanazuoni wa muziki, Imani Sanga akiwa miongoni mwa waliochapisha mengi, na kusoma makala zake kutakuonyesha namna mtafiti wa hapa anavyojenga hoja.

HATUA YA 9: Andika

Andika kwa mpangilio huu: wimbo na rekodi uliyoitumia, swali lako, ramani ya dakika, ushahidi, yaani miraba ya mdundo na solfa, walichosema waliokuwepo, jibu lako. Kila dai lifuatiwe na muda wake. Usiseme "gitaa linalia kwa huzuni". Sema dakika ya 2 na sekunde 14 solo linashuka kutoka "s" hadi "d" huku besi imenyamaza, kisha umwachie msomaji asikilize mwenyewe. Kofi Agawu, mwanazuoni wa Ghana, amepinga kwa miaka mingi tabia ya kuufanya muziki wa Afrika uonekane fumbo la ajabu lisilochambulika. Ninakubaliana naye kabisa. Sifa nyingi bila noti ni namna nyingine ya kuudharau muziki huu.

MAKOSA YANAYORUDIWA SANA
- Kumtaja mwimbaji kuwa ndiye mtunzi. Katika bendi zetu mara nyingi walikuwa watu tofauti.
- Kusahihisha maneno ya wimbo yawe Kiswahili sanifu. Yaache yalivyoimbwa.
- Kuita sauti "imepotoka" wakati ni utepe uliochakaa, au ni noti iliyokusudiwa.
- Kupakia wimbo mzima mtandaoni kama kiambatisho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi, na nyingi ya nyimbo hizi bado zina wenyewe au warithi wao. Kipande kifupi chenye chanzo chake kinatosha. Ukihitaji zaidi, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki.
- Kumrekodi mzee, kupata unachotaka, kisha kupotea.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA HUJAMPA MTU ASOME
[ ] Jina la wimbo, bendi kwa jina la wakati ule, na chanzo cha kila nakala
[ ] Urefu kwa sekunde na sauti ya "d" kwa kila nakala
[ ] Ramani ya dakika
[ ] Miraba ya mdundo, magitaa yote yakiwa yamepangwa moja chini ya jingine
[ ] Tuni kwa solfa, maneno chini yake, mikazo imepigiwa mstari
[ ] Ruhusa ya kila uliyemhoji
[ ] Angalau mtu mmoja anayesoma solfa ameimba ulichoandika bila kusikia wimbo, na wimbo ukatambulika

Kisanduku hicho cha mwisho ndicho kipimo. Mwanakwaya akishika karatasi yako, akaimba, na jirani akaita dirishani "huo si ule wa Sikinde?", kazi yako ni sahihi. Asipoutambua, rudi hatua ya sita.

Ukishamaliza toa nakala tatu: moja kwa mzee uliyemhoji au familia yake, moja kwenye maktaba ya chuo au ya shule iliyo karibu nawe, moja ubaki nayo. Kisha chagua wimbo wa pili, na safari hii mshike mkono kijana mmoja wa mtaani kwako mkaufanye pamoja.